Selo Si ya Dakika Mbili

Mwaka 2006, watawa wa Hekalu la Shaolin mkoani Henan, China, waliungana na kituo cha televisheni cha Shenzhen kuandaa shindano la kumsaka nyota wa kung fu. Wakaliita la dunia nzima. Sanaa ambayo mwalimu alimchagulia mwanafunzi, akampima tabia kabla ya kumpima ngumi, ikawekewa taa, majaji, wadhamini na matangazo ya biashara. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 495. Mwaka 1928 jemadari mmoja wa kivita aliliwasha moto likaungua sehemu kubwa, na bado halikufa. Lililomshinda jemadari kwa kiberiti likawezekana kwa mkataba. Julai 2025 abate wake, Shi Yongxin, aliyelishika tangu 1999 na ambaye magazeti yalimbandika jina la mtawa mkurugenzi, alivuliwa utawa akituhumiwa kutafuna fedha za hekalu.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, mpiganaji Xu Xiaodong alisimama mbele ya bwana mmoja aliyejiita bingwa wa tai chi, akamlaza chini ndani ya sekunde zisizofika 20. Bwana yule hakuwa mtu wa vichochoroni. Televisheni ya taifa ya China ilikuwa imemtukuza, ikamwonyesha ameweka njiwa kiganjani na njiwa eti hawezi kuruka kwa nguvu za siri za mkono ule. Watu waliamini kwa sababu kamera iliamini.

Najua mtu wa Chanika kule Handeni au wa Mombo kule Korogwe atasema: ya Henan yananihusu nini mimi? Kung fu hiyo hiyo tuliila kwa miaka. Tuliipata kwenye sinema za Tanga mjini, kisha kwenye vibanda vya video, msimulizi wa filamu Lufufu akitutafsiria na kutia maneno ambayo Mchina mwenyewe hakuyasema. Hakuna mtaa wa Korogwe uliokosa Bruce Lee wake, kijana mwembamba mwenye suruali nyeusi anayerusha teke kwenye mgomba. Tukacheka, tukakua. Hatukujiuliza wakati ule kama waliokuwa wakirushwa hewani kwenye kioo walikuwa na babu zao, na kama babu zao walilipwa.

Sasa zamu ni yetu. Wenye kamera wamewachoka vijana wa kuimba nyimbo za mapenzi na wanataka “vya asili”. Tangazo linapita redioni, au linaingia kwenye simu ya afisa utamaduni: leteni vikundi vya ngoma, leteni sarakasi, leteni wacheza na nyoka, mshindi ana mamilioni. Na sisi, kwa njaa yetu ya kuonekana, tunavaa vibwaya na kupanda basi.

Sitauma maneno. Shindano la vipaji la televisheni, kwa jinsi lilivyoundwa, haliwezi kuitangaza ngoma ya asili. Linaichuma tu. Na watu wa Handeni na Korogwe wana kila sababu ya kulikatalia hadi masharti yabadilike.

Watu wa Korogwe hawahitaji darasa katika hili, wamelelewa na mkonge. Jani linakatwa shambani, linapelekwa korona, mashine inalikwangua. Katika kilo 100 za majani zinatoka kilo kama 4 za nyuzi. Zilizobaki ni maji na makapi yanayomwagwa. Nyuzi zinafungwa marobota, zinapanda meli. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za nyuzi hizo, na mzee aliyelikata jani akabaki shambani Ngombezi na makovu ya miiba. Televisheni ndiyo korona ya ngoma.

Hebu tutazame kinachomwagwa. Ngoma za ngozi hukanzwa motoni kabla ya kupigwa. Wapigaji wanakusanya nyasi kavu, wanawasha, wanaigeuza ngoma taratibu na kuigonga kwa kidole, wakisikiliza ngozi inavyokaza. Usiku ukiwa na umande wanarudi motoni mara mbili, mara tatu. Pale motoni ndipo mtoto anapojifunzia. Hakuna anayemwita aje darasani. Anasogea kuota moto, anaona mkono wa sogora, anajaribu kwenye paja lake, anakemewa, anajaribu tena. Nani atakuruhusu kuwasha nyasi kwenye ukumbi wa Dar es Salaam wenye zulia na nyaya zilizotambaa sakafuni? Kwa hiyo kikundi kinapiga ngoma baridi. Ngozi imelegea, sauti haipandi, na jaji aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka anasema “sijasikia energy”. Kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kimechoka.

Kinamwagwa pia kile anachokifanya manju. Manju wa ngoma za kwetu haimbi wimbo aliouhifadhi kutoka mwanzo hadi mwisho kama kasida. Anatazama waliopo. Anamwona shemeji aliyechelewa, anamtia kwenye wimbo. Anamwona mwenyekiti wa kijiji aliyekula michango ya darasa, anamchoma kwa fumbo ambalo nusu ya watu watalielewa usiku ule na nusu nyingine kesho yake kisimani. Waitikiaji wanajua kiitikio, lakini hawajui yeye anaelekea wapi, na hapo ndipo utamu ulipo. Sasa mpeleke manju huyo mbele ya watu wasiomjua, wasiojua Kizigua, mwambie una dakika mbili na saa inahesabu kurudi nyuma. Atamwimba nani? Ataimba karibuni wageni. Ataisifu kampuni ya simu, kama ameshauriwa vizuri.

Na selo, ngoma ya Wazigua ambayo Handeni inajulikana kwayo, haipandi ndani ya dakika mbili. Mtu aliyewahi kusimama kwenye uwanja wa ngoma za Kizigua anajua kwamba saa ya kwanza ni ya kutafutana. Wapigaji wanatafutana, wachezaji wanaogopana, vizee wamekaa pembeni wanakosoa. Ngoma inakolea baadaye, watu wakishasahau walikuja na nani. Prodyuza anaitaka ile saa ya tano, lakini anaitaka mwanzoni, mchana, na kwa watu wanane badala ya watu mia mbili. Anachopata ni viuno. Viuno anavielewa, vinauza, na kamera inajua pa kushukia. Kijiji kilichokaa usiku kucha kinatambulishwa kwa taifa kama watu wanaojua kukata viuno.

Hapo mtu ataniwahi: mbona unaogopa mashindano, mwenzetu? Siogopi. Ndugu yangu, pwani hii imeshindana kabla babu wa mdhamini wako hajazaliwa. Ngoma ya beni ilipoingia, vikundi vya Marini na Arinoti vilichuana kwa sare, kwa gwaride, kwa karamu, mpaka watu wakaingia madeni kwa ajili ya kuwazima wenzao. Kina mama wa ngoma ya lelemama walitungiana mafumbo makali hadi ndugu wakanuniana. Tanga mjini vikundi vya taarabu vya Lucky Star na Black Star viliugawa mji. Na kwenye kambi za mkonge za Korogwe, manamba walioletwa kutoka Songea, Kigoma, Iringa na ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji walikuja na mizigo miwili: mkeka na ngoma. Kambini kila kabila lilitaka lake lisikike, na siku ya mapumziko walisikilizishana.

Lakini tazameni nani alikuwa jaji. Jaji alikuwa mji. Mshindi alikuwa yule ambaye nyimbo zake ziliimbwa sokoni Jumatatu na watoto waliotumwa chumvi. Aliyeshindwa alijua ameshindwa bila kutangaziwa, akarudi nyumbani kutunga kisasi. Jaji huyo huwezi kumhonga, huwezi kumpangia kiti, na hachoki wala haondoki msimu ukiisha. Fedha nazo, kama zilikuwepo, zilitoka mifukoni mwa wacheza ngoma wenyewe na zikaliwa pilau na watu wa mji ule ule. Ushindani wa namna hiyo ulizalisha nyimbo mpya kila wiki. Huu wa televisheni unazalisha nini? Unazalisha kikundi kimoja chenye kombe la plastiki na vikundi kumi vilivyochekwa.

Kuchekwa si ajali kwenye biashara hii. Yeyote aliyewahi kutazama usaili wa mashindano ya vipaji, wa hapa au wa Ulaya, anajua ni kipande gani kinachosambazwa zaidi kwenye simu. Ni kile cha mtu aliyekosea. Kijana anaimba vibaya, jaji anaficha uso, kamera inamfuata hadi mlangoni akilia. Kwa kijana wa mjini aliyekwenda na nyimbo za redio, aibu hiyo ni yake peke yake na itapita. Mzee wa Sindeni, Handeni, akichekwa na ngoma yake, wamechekwa na marehemu waliomfundisha. Wajukuu zake wanaangalia. Kesho mzee akiwaita motoni kukanza ngoma, watakuja?

Siwagombi waandaaji wa shindano la Bongo Star Search kwa kuwatoa waimbaji wa muziki wa kisasa. Wimbo wa dakika tatu ulizaliwa kwa ajili ya santuri na redio; kuupima kwa dakika mbili ni kuupunja dakika moja tu. Ninachogomba ni kuuchukua mzani ule ule na kuupakia ngoma.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo naiheshimu, nayo ina majina. Februari 2024, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wale wanaoitwa Ramadhani Brothers, walishinda America's Got Talent: Fantasy League, wakaondoka na dola 250,000. Mtanzania mmoja amesimama kwa kichwa juu ya kichwa cha mwenzake, hana kamba wala mkono wa kujishikia, na ukumbi mzima wa Wamarekani umeshika vinywa. Nani alikuwa na moyo wa kutofurahi? Kwa hiyo wananiambia: ona, televisheni imewatoa vijana wetu, wewe unataka wabaki kijijini na ngoma zako.

Basi tuifuate sarakasi ilikotoka, tuone nani aliyeitoa. Miaka ya 1960, urafiki wa Tanzania na China ulipokuwa mbichi, vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi kwa miaka, si kwa semina ya siku tatu, na mwaka 1969 kikundi cha taifa cha sarakasi kikasimama. Walirudi wakafundisha, na waliofundishwa nao wakafundisha wengine, kwenye mchanga wa ufukweni na kwenye viwanja vya mitaani, wakivunjika mikono na kupona. Kwa miongo mingi hakuna aliyekuwa akiwashangilia zaidi ya watoto wa shule waliotozwa kiingilio cha sarafu. Waliosimama kwenye jukwaa la Marekani walipanda juu ya mabega ya watu hao. Televisheni haikumwaga hata tone moja la jasho katika safari hiyo. Ilifika siku ya mavuno. Tena sarakasi ni sanaa ya jukwaa tangu kuzaliwa kwake. Imeundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti na anayetaka kustaajabu kwa dakika chache. Wawili wakishinda, wameshinda kweli. Selo haina watazamaji. Uwanjani kuna wanaocheza, wanaojiandaa kucheza, na vizee wanaokosoa.

Kareti nayo ituonyeshe. Nantambu Camara Bomani, Mwafrika wa Marekani, aliianzishia dojo pale Shule ya Sekondari Zanaki, Dar es Salaam, mwaka 1973. Nusu karne baadaye shina lile bado linachipua walimu, na halikupitia shindano lolote la televisheni. Lilipitia saa za jioni, sakafu ngumu, na mwalimu anayerudia jambo moja mpaka mguu ulijue. Mambo ya mwili yanarithishwa hivyo, yawe ya Okinawa au ya Kwamatuku kule Handeni.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo panaponuka. Shindano haliishi kwa zawadi linayotoa bali kwa kura za meseji, matangazo na udhamini. Kila kura inakatwa salio. Kikundi cha Kwamatuku kitashindana vipi kwa salio na cha Kinondoni? Mwisho wa mchezo mshindi anapatikana penye simu nyingi, halafu anatangazwa kuwa ndiye bora. Waliobaki wanarudi na fulana yenye nembo ya mdhamini, na nauli kama wana bahati. Fomu waliyosaini, kama fomu za mashindano haya zilivyo duniani kote, imeikabidhi kampuni picha na sauti zao zitumike popote na wakati wowote. Miaka mitano baadaye mdundo wao unasikika kwenye tangazo la sabuni. Mwenye mdundo anausikia kwenye redio ya mwenye duka, anatabasamu, anasema “hiyo ni sisi”. Amelipwa kwa kutabasamu.

Na ngoma yenyewe ikitajwa, inatajwa vipi? “Ngoma za asili kutoka Tanga.” Hapo Mzigua, Mbondei, Msambaa na Mdigo wameingizwa gunia moja na kufungwa mdomo. Mdumange wa Milima ya Usambara na selo ya nyika ya Handeni vinageuka kitu kimoja chenye majani kiunoni.

Ninachokereka nacho zaidi ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi, ngoma zikiwemo. Inasema anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya kimila, apate kibali, na mamlaka iliyotajwa ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Inataka pia asili ya sanaa hiyo itajwe, jamii iliyoizaa na mahali inakotoka. Shindano la televisheni lenye mdhamini ni faida. Jukwaa la Dar es Salaam liko nje ya mazingira ya kimila hata kwa kipofu. Sasa BASATA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, itueleze hadharani: vibali hivyo vinaombwa? Vikiombwa, wenye ngoma wanaulizwa? Tumeona baraza hilo likiwa kali mno mwanamuziki wa mjini akitoa wimbo wenye matusi. Ukali huo uwafikie na wanaobeba ngoma ya watu bila kuwataja jina.

Ili nisionekane nawaonea wafanyabiashara peke yao, niseme kwamba dola ndiyo iliyofungua njia. Baada ya Uhuru tuliunda kikundi cha taifa cha ngoma. Nia ilikuwa njema: mkoloni alikuwa ametudharau, na kabla yake wamisionari, kama wale wa UMCA pale Magila, walikuwa wamepigana na mila ya galo ya Wabondei kwa nguvu zao zote. Tukataka kumwonyesha mgeni kwamba tuna chetu. Lakini ngoma za makabila zilikatwakatwa ziingie kwenye programu ya jukwaa, dakika kadhaa kila moja, sindimba ikifuatwa na lizombe na selo, wachezaji wale wale wakibadilisha nguo nyuma ya pazia. Fedha zilipokauka mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikundi vile vya serikali vikavunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikachukua mzigo, na vikundi binafsi kama Muungano vikaipeleka mikato ile ile kwenye baa za Dar es Salaam. Kizazi kizima kikadhani ndivyo ngoma ilivyo. Na leo wilayani bado ngoma inakumbukwa siku za Mwenge na siku waziri anapopita. Akina mama wanasimamishwa juani tangu saa mbili, mheshimiwa anafika saa nane, anacheza hatua tatu apigwe picha, anawapa noti, anaondoka. Halmashauri iliyowazoesha watu malipo ya soda na wali haina uso wa kumkemea prodyuza.

Kwamba inawezekana kwenda duniani bila kukatwakatwa, Hukwe Zawose alithibitisha. Mgogo yule, aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze na marimba Ulaya na kurekodi na Real World, akiwa na ndugu zake ambao aliwafundisha nyumbani Bagamoyo. Walioalikwa kumsikiliza walinyamaza wakasikiliza. Hakuna aliyemwekea kengele ya kumkatiza.

Na kwamba ngoma inaweza kuishi bila kamera hata moja, ushahidi wake uko Handeni penyewe, Chogo. Karne ya 19, katika njaa na biashara ya watumwa, Wazigua walichukuliwa kwa majahazi hadi Somalia, wakauzwa huko. Wakatoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, wakabaki Wazigua. Zaidi ya miaka 150 walizungukwa na lugha nyingine na dharau ya kila siku, na bado walizungumza Kizigua, bado walikuwa na ngoma zao na mila zilizorithiwa upande wa mama. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia, wengine wakavuka hadi kwetu, wakakaa kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo walikopewa ardhi, na wengi baadaye wakapata uraia. Walipofika Handeni, wenyeji waliwasikia wakiongea wakaduwaa. Watu hao walibeba ngoma katika utumwa. Walirithishana usiku, wakiwa hawana redio wala mdhamini. Halafu leo aje kijana mwenye kipaza sauti atuambie selo itakufa asipoionyesha yeye kwa dakika mbili kati ya tangazo la bia na tangazo la mikopo?

Nawasikia vijana: mzee, maneno matamu, lakini tutakula nini? Mna haki ya kuuliza. Handeni ni nyika, mvua ni ya kubahatisha, na mkonge wa Korogwe hauajiri kama zamani. Sisemi msilipwe. Nasema mmevishwa kilemba cha ukoka mkadhani ni malipo. Wa kuwalipa wapo karibu: kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Magari ya Arusha na Moshi yanapita Korogwe usiku na mchana, yamejaa watu wenye fedha nyingi kuliko za meseji zenu. Tangazeni usiku wa selo, usiku mzima, mwezi ukiwa mkubwa, mwenye kutaka aje kwenye uwanja wa kijiji, alipe kiingilio, anunue chakula, alale kwa watu, na televisheni ikitaka irushe moja kwa moja hadi alfajiri kwa kulipia haki hiyo. Mpira wa dakika 90 unarushwa wote, na muda wa nyongeza juu. Hakuna anayeukata ukabaki magoli matupu halafu akauita ligi.

Madiwani wa Handeni na Korogwe mna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mmezitunga za ushuru wa mkaa, za mazao, za mifugo inayozurura. Tungeni moja ya kamera. Kikundi chochote cha ngoma kisirekodiwe kwa biashara bila mkataba wa Kiswahili uliosomwa mbele ya wazee wake, malipo yawe mkononi kabla taa hazijawashwa, ngoma itajwe kwa jina na kwa kijiji, na nakala ya picha zote, si zile walizozichagua wao, ibaki wilayani kwa ajili ya wajukuu. Afisa utamaduni apimwe kwa idadi ya watoto waliojifunza kupiga mwaka huo, na siku za kupokea wageni zisihesabiwe. BASATA itekeleze sheria yake ya kibali, au iseme kwa maandishi kwamba imeshindwa.

Na ninyi viongozi wa vikundi, msipande basi kwa ahadi ya simu. Mwenye shindano akisema masharti hayo ni magumu na bajeti haimruhusu, mshukuruni kwa kusema kweli, mpeni maji ya kunywa, mwonyesheni barabara. Akifika Segera akate kulia, Dar es Salaam ni moja kwa moja.